Rejeta ya Kompyuta na Kibuyu cha Mama Bhoke

Marwa, kijana wetu wa kompyuta pale redioni, amenitaka niandike kabla sijasahau, kana kwamba kustaafu ni ugonjwa wa kichwa. Nimemjibu kuwa kusahau sijasahau, ila uvivu ninao. Hata hivyo ana hoja. Siku moja mpira wa maji utavuja pale kwenye ukuta wa studio, na atakayetumwa kuutazama atakuwa mtu ambaye hakuwepo. Atafungua boksi la kompyuta, aone kipande cha kopa, yaani shaba nyekundu, kilicholehemiwa kwa mkono, maji yanaingia huku na kutokea kule, na atajiuliza ni mwendawazimu gani alifanya hivi. Mwendawazimu huyo ni mimi, na Marwa alinisaidia. Maelezo yake ndiyo haya.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Aliyevipata anavijua, na asiyevipata hapendi kukumbushwa.

Nilianza kazi nikiwa binti, kwenye karakana ya malori mjini Tarime. Nilipelekwa kwa Mzee Matiko, fundi wa rejeta, kwa sababu mafundi wengine wote walinikataa. Rejeta, kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, ni kile kisanduku chenye mapezi mbele ya injini, ambamo maji ya moto hupita ili yapoe kabla ya kurudi tena kazini. Mzee Matiko naye angenikataa, ila wakati wanamuuliza alikuwa anapiga chafya. Alivuta ugoro kutwa nzima, na kila aliposhika lehemu ya moto sisi wengine tulimtazama pua kwanza.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Unajua kusonga ugali?"

"Najua."

"Basi lehemu utaiweza. Moto ukizidi unaunguza, ukipungua unapata uji. Vuta hilo beseni."

Akanipa rejeta ya lori, akaniambia niizamishe kwenye beseni la maji, nizibe tundu moja kwa kiganja na nipulize kwenye lingine kwa mdomo. Nilipuliza hadi nikaona nyota mchana. Mapovu yalipotoka mahali fulani, alipachora kwa chaki, akasema, "Hapo ndipo panapolia. Puliza tena, hailii sehemu moja tu." Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilirudi nyumbani nina ladha ya kutu mdomoni na nimefurahi mno, mpaka mama yangu akadhani nimepata mchumba.

Mengi ninayoyajua nimeyapata kwa yule mzee, lakini moja ndilo lililokuja kutuokoa, kwa hiyo lishikeni. Gari likichemka, mafundi wengine hukimbilia spana. Yeye alishika kwanza mpira wa juu wa rejeta, kisha wa chini. Mipira ikikaribiana joto, maji yanatembea, shida itafute kwingine. Mmoja ukiwa unaunguza na mwingine baridi, kuna kitu kimekwama njiani. "Shika mipira kabla hujashika spana," alikuwa akisema, kisha anapiga chafya.

Karakana ilipofungwa nilikuwa mama mtu mzima, wananiita Mama Ghati. Nikaajiriwa kwenye redio yetu, kule kilimani upande wa Kisaka, kama fundi wa jenereta. Ninyi mnaijua redio ilivyo sasa. Mimi niliikuta chumba kimoja kilichowahi kuwa stoo ya pamba, bati juu, na kuta zimefunikwa magodoro ya zamani na trei za mayai ili sauti isirudi. Ndani palikuwa na meza, maikrofoni, kompyuta moja, na Bhoke.

Bhoke ndiye mtangazaji wa jioni, na wengi wenu mlikuja redioni kwa sababu ya sauti yake. Kipindi chake kilikuwa kilekile mnachokijua. Watu wa vijiji vya mpakani mwa hifadhi wanapiga simu kusema wamewaona wapi tembo, na yeye anawatangazia wengine: wako mtoni, wako mashamba ya juu, wanashuka. Mwisho wa kila tangazo husema, "Na wewe mama, kama bado uko shambani, rudi nyumbani." Akina baba walikuwa wanapiga simu kulalamika, "Na sisi je, tukanyagwe tu?" Walidhani ni mtindo wake wa kutangaza. Kumbe alikuwa anaongea na mama yake mzazi, mjane anayelima mtama na mahindi karibu kabisa na mpaka, ambaye msimu wa mavuno hushinda kwenye kibanda cha kulinda shamba akiwa na redio ndogo na debe la kupiga.

Sasa tatizo. Kila sauti ilikuwa inapita kwenye ile kompyuta kabla ya kupanda mnarani. Chini ya lile bati, jua likiwaka kutwa, prosesa yake, yaani ile chipu inayofikiri kwa niaba ya kompyuta nzima, ilichemka, na feni yake ikapiga kelele kwenye maikrofoni. Msikilizaji mmoja wa Nyarero, tena kijijini kwetu, alipiga simu kutupongeza kwa kufungua mashine ya kusaga. Tukaificha kompyuta kabatini. Kelele ikaisha, ila joto likawa halina pa kwenda, na chipu ikifika kiwango chake inajizima yenyewe ili isife. Tukatoboa kabati, kelele ikarudi. Tulibadilisha feni, tukasafisha vumbi, tukapaka upya ile pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na feni. Hayo yote yalitupa nafuu ya siku chache, kama panado.

Jioni moja, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani, kompyuta ilizima katikati ya tangazo. Bhoke alikuwa amesema "tembo wameonekana" na hakufika kwenye "wapi". Vijiji vyote vikabaki na redio inayokoroma. Mama yake alikaa kibandani akisubiri sentensi iishe. Tembo waliingia kwa nyuma, wakala robo tatu ya shamba naye akiwa juu ya kibanda hathubutu hata kupiga debe.

Kesho yake Bhoke alikuja kazini macho mekundu. "Mama Ghati," akaniambia, "ninakuheshimu, lakini nakwambia ukweli. Msimu ujao kama hii mashine bado inazima, mimi naacha redio. Nitakwenda kukaa na mama shambani mwenyewe. Heri nimlinde kwa debe kuliko kumdanganya kwa redio."

Nilikasirika. Hasira yangu haikuwa kwake, kwa maana alikuwa na haki. Niliikasirikia ile kompyuta. Mtu mzima aliyepoza malori ya mizigo hadi yakapanda milima kwenye jua la kuyeyusha lami, anashindwa na kitu kinachoingia kwenye begi la shule!

Marwa ndiye aliyelileta wazo. Marwa ni mtu wa Sirari, alisoma kompyuta ng'ambo ya mpaka, na mpaka leo akifurahi Kiswahili chake kinavuka kwenda Kenya bila pasipoti.

"Mama, kuna watu wanapoza prosesa na maji," akaniambia. "Si utani. Wanaweka kitu kama kisanduku cha kopa juu yake, maji yanapita ndani, inachukua hiyo joto inapeleka nje. Tatizo ni hiyo kitu huku haipatikani, na yenye nimeona haiingii kwa hii mashine yetu."

"Maji ndani ya kompyuta? Marwa, umekunywa nini?"

"Si ndani ndani, mama. Ndani ya kopa. Kopa ndio iko ndani."

Nikamwambia aichore. Akachora kwenye vumbi la kofia ya jenereta: chipu, kisanduku cha kopa juu yake, mpira wa kuingia, mpira wa kutoka, pampu, na mwisho kitu chenye mapezi. Nikakitazama kile chenye mapezi nikaanza kucheka. "Mwanangu," nikamwambia, "hiyo ni rejeta. Umenichorea lori."

Tuligawana kazi. Yeye alijua chipu inavumilia nini na inashikwa wapi, mimi nilijua kopa na maji. Kila mmoja alimkataza mwenzake mambo mengi, na hakuna aliyenuna zaidi ya siku moja.

Kopa nene tuliipata kwenye bodi ya zamani ya umeme, bamba la shaba nyekundu zito kama jiwe la kusagia. Nilikata kipande kidogo kuliko kiganja, nikakibana kwenye vaisi, nikaanza kuchora mifereji kwa msumeno wa chuma. Hapa someni vizuri. Wembe mmoja wa msumeno unatoa mfereji mwembamba mno. Funga nyembe mbili pamoja kwenye fremu moja, mfereji unatoka wa kadiri, na kati ya mfereji na mfereji unabaki ukuta mwembamba wa kopa. Kuta hizo ndizo zinazotoa joto kwenye kopa na kulitia majini, hivyo zikiwa nyingi ndivyo bora. Ukiwa na haraka unazivunja. Nilivunja za bamba la kwanza lote, nikalitupa nje kwa nguvu kiasi kwamba kuku wa jirani walihama upande.

Bamba la pili nilikata taratibu, matone ya mafuta kila mara, nikiimba. Kifuniko nilikitengeneza kwa shaba ya njano, nikatoboa matundu mawili, nikaingiza vibomba vya shaba vya kushikia mipira, kisha nikalehemu pembe zote. Asidi tunayopaka ili lehemu ishike niliisuuza mara nyingi mno, kwa sababu Marwa alisimama nyuma yangu akisema ikibaki hata kidogo itamla mtoto wake. Mtoto ni ile chipu. Marwa hana mwingine, na mama yake mzazi analalamika sana juu ya hilo.

Upande wa chini, unaokaa juu ya chipu, lazima unyooke kabisa. Kopa ikiwa na bonde hata la unywele, joto halivuki. Tulitandika msasa juu ya kioo cha dirisha, kwa sababu kioo ni kitu kilichonyooka kuliko vyote tulivyokuwa navyo, nikawa nasugua kopa huku nikiizungusha kwa mkono bila kuikandamiza. Nilianza na msasa mkali nikashuka hadi laini kabisa. Bhoke akitoka kutangaza alikuja kujitazama meno kwenye ile kopa. Ulipofika wakati wa kuifunga, Marwa akataka kukaza skrubu moja hadi mwisho kisha nyingine. Nikampiga mkono. Ni kama kichwa cha injini: unakaza kwa msalaba, kidogo hapa, kidogo pale ng'ambo yake, zote zinafika pamoja. Ukikaza upande mmoja unaipasua chipu, na hapo hakuna wa kumlilia.

Kabla ya kulifunga tulilipima lile boksi la kopa kama linavuja. Nililizamisha kwenye beseni, nikaziba tundu moja kwa kidole, nikapuliza lingine kwa mdomo, mimi bibi mwenye wajukuu. Halikulia. Nilitamani Mzee Matiko awepo, hata kama angepigia chafya beseni lote. Nililia kidogo, nikamwambia Marwa ni asidi imenipanda machoni.

Rejeta yenyewe niliitoa kwenye hita ya gari la zamani, ile ndogo ya kupasha miguu ya dereva, kwa sababu ni ya kopa na shaba. Marwa alikuwa amepata moja ya alumini, nyepesi, nzuri kutazama. Nikaikataa. Kopa na alumini ukivitia kwenye maji mamoja ni wake wenza wasiopendana, wanalana polepole na wewe unakuta ungaunga mweupe kwenye mipira. Rejeta, feni yake kubwa na pampu tulivifunga nje, ukuta wa kivulini, na mipira miwili tu ndiyo ilipenya ukutani hadi kwenye kompyuta. Feni ya nje ipige kelele inavyotaka, huko ni mbuzi tu wanaosikiliza.

Siku tuliyowasha, kompyuta ilikaa mezani mbele ya Bhoke bila kabati na bila sauti yoyote. Alipoingia alidhani imekufa.

"Bado hamjawasha?"

"Inatangaza sasa hivi," Marwa akamwambia. "Unasikika hadi Genkuru."

Bhoke akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Natamani ningesema hadithi iliishia hapo. Pampu ya kwanza, ya kunyunyizia maji kioo cha lori, iliungua upesi, maana haikuumbwa kwa kazi ya kutwa. Marwa akaagiza nyingine kutoka Mwanza kwa mtu anayefuga samaki wa mapambo, na hiyo ikatulia. Halafu likaja la maji. Tulikuwa tumeweka maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, kwenye chupa angavu ya plastiki pale nje ili tuone yakipungua. Kumbe mwanga nao uliyaona. Baada ya muda chupa ikawa ya kijani, na ute unateleza kwenye mipira kama dimbwi la ng'ombe kunywea. Nilisafisha, ikarudi.

Bhoke alimsimulia mama yake. Na Mama Bhoke, ambaye hajawahi kuona prosesa, akasema jambo la akili kabisa: "Nani anaweka kitu cha kutunza kwenye kioo juani? Wapelekee kibuyu." Akakitoa mwenyewe, kibuyu kinene cha shingo nzuri, kimeshonewa mkanda wa ngozi. Tukakipokea kwa mikono miwili. Mwanga hauingii kibuyuni. Tukaingiza mipira, tukaziba shingo, na ule ukijani ukakoma kabisa. Tulijiona werevu kupindukia.

Ninyi mliotoka mbali hamtaelewa kosa letu mpaka niwaambie desturi. Huku kwetu kibuyu hakitolewi kitupu. Mwanamke anachoma kijiti cha mti maalumu, anasugua nacho ndani ya kibuyu kikiwa bado na moto, mpaka ndani pote pawe peusi pananukia. Hapo maziwa yanakaa, na yanapata ile ladha ambayo kila mmoja wetu akienda mbali anailia. Kumpa mtu kibuyu kisichotiwa mkaa ni kumwambia humthamini. Basi Mama Bhoke alikitia mkaa kile kibuyu kwa upendo wote, tabaka juu ya tabaka. Mimi nimekulia kwenye vibuyu hivyo, Bhoke vilevile, Marwa vilevile. Wote watatu tulichungulia ndani, tukaona weusi, tukanusa, tukasema kizuri. Hakuna hata mmoja aliyewaza kuwa mkaa huo utabanduka majini, na kwamba kuna mifereji ya upana wa nyembe mbili inausubiri.

Msimu wa mahindi ukafika. Jioni hiyo, jua likianza kugusa vilima, simu zilianza kuingia mapema. Kundi kubwa, lenye watoto, linashuka kuelekea mtoni. Bhoke alikuwa hewani na mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe. Marwa akatokea mlangoni, hasemi kitu, maana maikrofoni ilikuwa wazi. Akaninyooshea kiganja, akakipandisha juu taratibu hadi usawa wa paji la uso. Joto linapanda.

Nikazunguka nje. Feni inazunguka, pampu inanguruma. Zote mbili nzima. Mkono ulikuwa umeshakwenda kwenye bisibisi, nikaurudisha, nikashika mipira. Unaotoka kwenye kompyuta ulikuwa unaunguza. Unaoingia, baridi kama uso wa mdai. Kitu kimekwama njiani, na njia nyembamba kuliko zote ilikuwa ile niliyoikata mwenyewe.

Ingekuwa gari, ningelizima. Hii nikiizima, sentensi ya Bhoke inakatika tena, na safari hii mama yake alikuwa amejipanga kibandani akiamini kuwa tumetengeneza. Nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tunafanya rejeta zilizoziba pale karakana: hupambani na uchafu kwa mbele, unaurudisha ulikotoka. Nikamwonyesha Marwa kwa mikono: punguza kazi. Akarudi ndani, akaifungia kompyuta kila kitu kisichokuwa sauti ya Bhoke, ili chipu ifikiri kidogo iwezekanavyo.

Nikazima pampu. Nikafungua klipu mbili zinazobana mipira. Maji ya moto yakanimwagikia kifundoni, nikauma upindo wa kitenge nisipige kelele, maana dirisha lilikuwa pale pale. Nikauchomoa mpira wa kunyonya kutoka kibuyuni nikauzamisha kwenye sufuria ya maji safi ya betri. Kisha mpira wa pampu nikauchomeka pale maji yalipozoea kutokea, na ule mwingine nikauelekeza chini. Nikawasha. Mwanzo hakuna. Pampu ikakohoa. Halafu ukatoka uji mweusi, ukakatika, ukatoka tena, vipande vya mkaa vinaruka kwenye majani na harufu ya maziwa ya kwetu ikajaa pale ukutani. Ndipo nilipoelewa. Nikacheka huku nimeuma kitenge.

Kupitia dirisha nilikuwa namsikia Bhoke, taratibu, kama mtu asiyejua kuwa tunaungua nyuma yake. "Wamevuka mto. Narudia, wamevuka. Wanapanda upande wa mashamba ya mpakani, njia ileile ya mwaka jana. Walioko vibandani, shukeni sasa. Na wewe mama, kama bado uko shambani, rudi nyumbani."

Maji yakatoka meupe. Nikarudisha mipira kama ilivyokuwa, nikakaza klipu, nikaketi chini kwenye tope la mkaa. Marwa akatokea kona, kiganja kinashuka, kinashuka, mpaka usawa wa kiuno. Akaniinua, tukakumbatiana, wachafu kama wachoma mkaa wa kweli.

Asubuhi kibanda cha Mama Bhoke kilikutwa kimelala chini, nguzo zimevunjika, debe limekanyagwa likawa sahani. Mahindi ya upande ule yalikwenda. Yeye mwenyewe alikuwa nyumbani kwake, amelala, redio iko kichwani pa kitanda. Alikuwa ameshuka aliposikia "wamevuka".

Bhoke hakutaka mama yake aambiwe habari za mkaa. Mwishowe akamwambia mwenyewe, hakuweza kukaa nazo. Siku ya mnada Mama Bhoke akaja kilimani, kitu amekifunga kwenye khanga amekikumbatia kama mtoto mchanga.

"Karibu mama," nikamwambia. "Kile kibuyu chako tumekiweka jikoni, tunatilia maziwa. Ni kizuri mno."

"Nimesikia nilitaka kuwaua na mkaa wangu."

"Hapana mama, ni sisi. Tuliuona tukanyamaza. Tukaunusa na kuusifia."

Akatazama mlangoni kama kuna anayepita, ndipo akafungua khanga. Kibuyu kipya, kikavu, cheupe ndani, kimekwanguliwa kwa kokoto hadi kikawa safi kama kikombe. "Nimetembea nacho nimekifunika," akasema kwa sauti ndogo. "Jirani angeniona natoa kibuyu kitupu, angesema nimewehuka. Mkiulizwa, msiseme ni mimi."

Sasa nimesema, lakini nimestaafu. Kibuyu hicho ndicho kiko ukutani mpaka leo, na kabla ya maji kuingia pampuni sasa yanapita kwenye chujio la chai, ambalo mnapaswa kulisafisha kila mwezi na ninajua hamlisafishi. Bhoke hakuondoka. Yuko hewani mpaka leo, na kibanda cha mama yake kimejengwa upya mbali kidogo na njia ya tembo.

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, asanteni, ingawa kwetu jogoo bado anafanya kazi. Niko Nyarero sasa, na mzee wangu, na ndizi, na ng'ombe wawili wenye tabia mbaya. Juzi jioni nilikuwa nimekaa nje na redio sikioni, nimeinamisha kichwa. Mzee wangu akaja akasimama.

"Mbona umeikumbatia redio hivyo? Mtangazaji anaongea kwa sauti tu, hata mimi namsikia."

"Namsikiliza aliye nyuma yake."

Akainama, akasikiliza. Bhoke alikuwa anasema wako mbali leo, wamerudi hifadhini. Akapumzika kidogo, kama anavyofanya siku zote, na katika pale pa kupumzika hapakuwa na feni, wala mngurumo, wala chochote.

"Sisikii kitu," mzee wangu akasema.

"Ndicho hicho nilichokitengeneza," nikamwambia, na Bhoke akamwambia mama yake arudi nyumbani.